Nyekundu dirishani: kosa langu kwenye ECG ya mrina asali, Mpanda

Wakuu, habari za jioni. Na nyie mnaosomaga kimyakimya bila kuacha hata neno, habari zenu pia.

Mimi ni KE, nesi mstaafu. Hili sijawahi kulisimulia hata kwa wanangu. Chumvi siongezi, maana lenyewe limekolea tayari. Mwenye haraka apite tu, mimi leo nimekaa.

Ilikuwa miaka ya tisini, Mpanda. Hospitali naiacha bila jina. Nilikuwa na miaka ishirini na nne, mwembamba, gauni jeupe limepigwa pasi ya mkaa hadi linasimama lenyewe.

Mpanda ya wakati ule ilikuwa inasinzia jamani. Treni ikija watu wanaamka, ikiondoka wanarudi kulala. Mchana jua likiwaka, mtaa wote wa Kashaulili unanyamaza, unasikia jenereta tu nyuma ya wodi. Hadi leo nikisikia jenereta ya mtu kope zinakuwa nzito.

Sasa hospitali ikapata mashine ya ECG. Kwa wasiojua, ni kipimo kinachoandika mapigo ya moyo kwenye karatasi. Unambana mgonjwa waya nne, mikononi na miguuni, halafu unamnatisha vile vipira sita kifuani. Jeli ilikuwa imeisha zamani, tulitumia pamba iliyoloweshwa maji ya chumvi.

Niliipenda hiyo mashine, sina siri. Nilikuwa nakaa pale naangalia karatasi inavyotoka polepole, vilima vinafuatana, najisahau kabisa. Mara nyingine mgonjwa ndiye ananiamsha: "Nesi, tumemaliza?"

Aliyenifundisha ni sista mmoja mtu mzima. Chumba chenyewe kilikuwa na kitanda kimoja, dirisha upande mmoja, ukuta mtupu upande wa pili. Akanipa wimbo wa rangi za waya: "Nyekundu dirishani, njano ukutani, nyeusi na kijani miguuni."

Basi. Wimbo ukanikaa kichwani, nikapima watu wengi kwa wimbo ule na sikukosea hata mara moja. Nikaanza kujiona bingwa.

Siku moja akaja baba mmoja kutoka Magamba, nimwite Baba Modesta. Mrina asali. Mwili wote unanukia moshi na nta. Alikuwa na ngiri, anatakiwa aingie theatre, na kwa umri wake daktari akataka moyo upimwe kwanza.

Nikamwambia, "Panda kitandani baba, lala chali."

Akaangalia kitanda, akaangalia mlango.

"Kichwa kikae wapi?"

"Huku, kwenye mto."

"Mlangoni? Aah, mwanangu. Kwetu anayelazwa kichwa mlangoni ni yule anayetolewa. Mimi bado sijatolewa."

Nikacheka. Nikachukua mto nikauweka upande wa pili, akalala amegeuka, miguu ndiyo iko mlangoni. Akafurahi, akafumba macho.

Nami nikaanza wimbo wangu. Nyekundu dirishani. Njano ukutani.

Mmeshaona? Mimi sikuona, wakuu. Mtu amegeuka, dirisha halikugeuka. Waya wa mkono wa kulia nikaubana wa kushoto, na wa kushoto nikaubana wa kulia. Vya kifuani niliweka sawa, maana pale unahesabu mbavu kwa vidole, hakuna wimbo.

Karatasi ikatoka, vilima vya mwanzo vimepinduka, vinaangalia chini. Nikavitazama hivyo hivyo, nikaviona vizuri tu. Jenereta inanguruma, baba wa watu anakoroma, mimi niko mbali huko.

Daktari akaisoma akakunja uso. Akasema inaonekana sehemu ya moyo ilishakufa zamani. Operesheni ikaahirishwa. Akamwita Baba Modesta na mkewe, akawaambia asinyanyue mizigo, asikimbie, na asipande mti tena.

Mrina asali, wakuu. Asipande mti! Mizinga yote iko juu porini.

Yule baba hakubisha. Aliweka kofia kichwani, akaivua, akaiweka tena. Akasema, "Haya. Asanteni." Wakaondoka, mama amemshika mkono utafikiri anatembeza yai.

Siku tisa zikapita.

Mchana mmoja hakuna wagonjwa, joto kali, nikaingia chumba cha ECG nijinyooshe kidogo. Msinitolee macho, mlikuwa hamlali kazini nyie? Nikauhamishia mto upande wa pili nipate upepo. Nikalala chali kama alivyolala yule baba.

Usingizi ukaanza kunibeba. Kwa mbali nasikia honi ya treni. Nikageuza macho taratibu kuangalia mwanga wa dirisha, na dirisha liko mkono wangu wa kushoto.

Nikajiuliza kwa uvivu, mbona liko kushoto? Siku zote wagonjwa wangu dirisha liko kulia kwao.

Nikakaa wima. Moyo ulinipiga, mngenipima saa ile mashine ingepasuka.

Sasa niwe mkweli kama nilivyoahidi. Jambo la kwanza lililonijia halikuwa Baba Modesta. Lilikuwa: hakuna anayejua. Sista kahamishwa, daktari hakushtuka, karatasi iko kwenye faili. Nikinyamaza, imeisha.

Nikanyamaza mpaka jioni. Usiku nikawa naiona ile kofia, inavaliwa, inavuliwa.

Asubuhi nikamfuata daktari. Alinisema mbele ya wenzangu hadi masikio yakawasha. Halafu akatulia, akasema, "Na mimi ningetakiwa kuiona. Kamlete."

Nikaazima baiskeli. Njia ya Magamba mvua ilikuwa imenyesha, miombo inanukia, ukungu umelala chini, nakanyaga pedeli naona kama siendi popote. Nilitamani njia isiishe.

Nikamkuta kakaa kwenye kigoda, kafunikwa shuka, mama anamnywesha uji kwa kijiko. Mtu aliyekuja hospitali anatembea kwa miguu yake!

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba nesi. Umekuja kuniangalia kama bado nipo?"

Nikapiga magoti, nikawaeleza yote. Waya, dirisha, mto. Nikasema kosa ni langu, si la daktari.

Mama Modesta akaweka kikombe chini. "Binti, huyu juzi kagawa mizinga yote kwa wakwe zake. Usiku halali, kaweka kiganja kifuani anasikiliza kama moyo umeshasimama. Na wewe unaniambia dirisha?"

Nililia tu.

Baba akauliza taratibu, "Kwa hiyo hakijafa kitu humu?"

Nilitamani nimjibu, hakijafa. "Sijui baba. Njoo tupime tena."

Tukampima siku iliyofuata, daktari kasimama pembeni. Akalala vilevile, miguu mlangoni. Nikashika waya mwekundu nikabaki nimeganda, siamini tena kulia wala kushoto.

Yeye ndiye aliyenyanyua mkono. "Huu hapa, mwanangu. Ndio ninaoshikia shoka. Hata siku ile ungeniuliza tu, ningekuambia."

Karatasi ikatoka. Vilima vimesimama vyote, vizuri, vimenyooka. Daktari akapumua, akasema moyo mzima kabisa. Mama Modesta akapiga kigelegele hadi wodi ya watoto wakaamka.

Alifanyiwa operesheni, akapona. Lakini mizinga hakurudishiwa, na wala hakuiomba. Alisema kilichotoka mkononi kimetoka. Akaanza kuchonga mipya na umri ule. Msimu wa pili akaniletea asali kwenye kidumu, nikashindwa hata kuilamba siku ya kwanza. Alinisamehe, ila siku zile tisa na ile mizinga mimi ndiye niliyemnyang'anya.

Nilichojifunza: kazi ukiifanya kwa wimbo, ipo siku mtu atalala upande mwingine. Tangu siku ile kila mgonjwa nilimwambia kwanza, "Nipe mkono unaoshikia jembe." Wengine walidhani nawasalimia.

Juzi nami nikapimwa moyo, uzee ushabisha hodi. Nesi binti mdogo, mashine ndogo kama redio. Kashika waya mwekundu, nikamwona macho yanaenda dirishani. Labda alikuwa anaangalia mvua tu. Nikanyanyua mkono wa kulia.

"Huu hapa, mwanangu. Usiangalie dirisha, niulize mimi."

Haya, manesi na madaktari wa humu, semeni na nyie ya kwenu. Na walioko Mpanda, miombo ya Magamba bado inanukia vile mvua ikikatika?