Ncha za Mlimau

Ukitaka Jerusa Akello akununie, muite mstaafu. Hakustaafu. Alichuma majani chai miaka thelathini na moja katika shamba moja kubwa upande wa Sotik, hadi mashine zilipoletwa na watu kama yeye wakaambiwa waende nyumbani. Nyumbani wapi? Baba yake alihamia huku kutoka upande wa ziwa kutafuta kazi hiyohiyo, naye akazaliwa kambini. Basi alipanga nyumba karibu na Chepilat, akaanza kulea watoto wa wachumaji wenzake. Wanamwita Dani, yaani bibi kwa Kiluo, hata wale wa Kisii na wa Kipsigis.

Mimi ni jirani yake, na nasema wazi kwamba mwanzoni nilidhani amechanganyikiwa. Mwanamke mzima amelala kifudifudi nyuma ya choo pamoja na watoto watano, wanatazama siafu wakihama! Siku nyingine wanahesabu miguu ya jongoo, wanakosea, wanaanza upya. Nilimtania kwamba amerudi utotoni.

"Utoto gani?" alinijibu. "Mimi nilikuwa naangalia kikapu cha chai tu."

Hakuwa akitania.

Mtoto aliyempenda kuliko wote alikuwa Nyabate, wa miaka minne, na hakujua kulificha hilo. Ni Nyabate aliyegundua kwamba kitu kilichofanana na kinyesi cha ndege kwenye mlimau kilikuwa na miguu. Kumbe ni kiwavi, na ukimgusa anatoa pembe mbili nyekundu na harufu kali. Lakini Mongina, mama yake, anayewachumia chai wakulima wadogo, hakufurahishwa na habari za viwavi. Alisema Jumatatu angempeleka shule ya nasari, kwa sababu mtoto anajua wadudu wote wa kijiji na hajui A. Jerusa alikosa usingizi. Alibakiwa na Ijumaa tu ya kumshawishi.

Mpango wake ulikuwa huu: Mongina akija kumchukua mtoto, Nyabate mwenyewe amwonyeshe mayai ya kipepeo yaliyotagwa kwenye majani machanga ya mlimau. Walipokuwa wakingoja, Jerusa aliwaambia watoto wamtafutie kiwavi chakula, akaingia jikoni kukoroga uji.

Aliporudi, matawi ya chini yalikuwa yamenyofolewa ncha zote. Watoto walikuwa wameuchuma mlimau kama chai: majani mawili na chipukizi, basi. Nyabate alichuma kwa mikono miwili, akirusha majani nyuma ya bega bila kugeuka, na mgongoni hana kikapu. Langoni alisimama Mongina, akimtazama.

"Nani amefunza huyu kuchuma?"

"Hakuna, Mama Nyabate."

"Mimi simpelekangi shambani, Dani. Simpelekangi makusudi! Sasa ni nani?"

Jerusa aliitazama mikono yake. Hata mimi, nikiwatazama kutoka ng'ambo ya ua, nilijua. Akitembea kando ya ua, akiongea na wewe, vidole vyake hunyofoa chochote kichanga na kukirusha nyuma. Watoto walikuwa wakiona hivyo kila siku.

"Ni mimi," alisema. "Sikuwafunza, lakini ni mimi. Hii mikono haijaacha kazi."

Akapiga magoti, akaanza kuokota zile ncha na kugeuza kila jani. Baada ya muda Mongina alitua kikapu, akapiga magoti pia. Walipata mayai mawili, ya manjano, madogo kuliko punje ya wimbi. Nyabate alimnong'oneza mama yake kitakachotoka humo, na Mongina akasikiliza mpaka mwisho, jani likiwa kiganjani.

"Nimechuma miaka tisa," alisema, "na sijawahi geuza jani hata moja."

Nikiwa upande wangu wa ua, nilidhani Jerusa ameshinda, nikafurahi kwa niaba yake. Kisha Mongina akamuuliza taratibu, "Dani, watoto wako walisoma?"

Jerusa aligeuza jani jingine.

"Mwanangu Owiti alifika darasa la sita. Halafu akaja kunisaidia kuchuma."

Nyabate aliendelea kutafuta mayai.

"Mpeleke," Jerusa akasema. "Jumatatu mpeleke mapema, akae mbele."

Alikuwa akilia waziwazi, na mimi, ambaye sikosi la kumtania, nilivuka ua nikaokota majani pamoja nao.