Kilo Iliyokaa Ndani ya Kopo

Juzi binti yangu alijaza unga kwenye kopo la sukari akaniletea. "Mama, kilo hii." Damu ilinichemka, maana kosa lile nilikuwa nalijua.

Nilipokuwa mdogo, siku moja jikoni kwetu mtaani Kuze kulinukia hiliki, futari imekaribia, na nyanya alinituma nimpimie kilo ya unga wa kaimati. Kopo lake likijaa sukari lilikuwa kilo kamili. Nililiona mwenyewe kwenye mizani ya dukani. Basi nikaamini kilo inakaa ndani ya kopo. Nikalijaza unga, nikausawazisha kwa kidole.

Nyanya akatia maji ya kilo nzima kama kawaida yake. Kaimati, badala ya kufura duara, zikatandaa kwenye mafuta kama chapati.

"Unga huu kilo ngapi?"

"Moja, nyanya. Kopo lilijaa!"

"Lilijaa, lakini kilo haikutimia! Unga ni mwepesi, mwana weye!"

Tulifuturu tende na maji, nami nilinuna, nikijiona nimeonewa.

Sasa najua unga umejaa hewa, na kilo yake hutaka chombo kikubwa kuliko kilo ya sukari. Yote hayo nilimfokea binti yangu kwa pumzi moja. Akanisikiliza, akalichungulia kopo.

"Lakini mama, limejaa."