Shubiri yenye Asali

Mimi ndiye niliyetia asali kwenye shubiri. Nasema mapema msije mkamshuku paka.

Mama alikuwa akimwachisha ziwa mdogo wangu, aliyekwisha kutimiza miaka miwili. Shangazi akaja kutoka Kiembe Samaki na majani manene ya mshubiri, akayakata, yale maji ya manjano yakachuruzika kwenye kisosi. Mama apakwe kwenye titi, mtoto aonje uchungu, alie, asahau.

"Mtoto niliyemwachisha mimi harudi titini mara ya pili," shangazi akajisifu.

Nikaona hapo pana mchezo. Walipogeuka nikatia asali, nikakoroga kwa kidole.

Mtoto akanyonya, akajilamba. Shangazi akadhani kapaka kidogo, akazidisha. Mtoto akazidi kunyonya, akataka na titi la pili. Mimi nikaenda kuchekea ngazini.

Alasiri kicheko kikanikauka. Mtoto alianza kuendesha, tena maji matupu. Kufika magharibi macho yamemwingia ndani, analia bila machozi. Hapo ndipo nikakumbuka somo la sayansi nililolipigia miayo. Mwalimu alitwambia jani lile lina vitu viwili: ute wa katikati, ule bibi aliotupaka tukiungua, hauna neno, lakini maji ya manjano ya chini ya ganda ndiyo wanayokunywa watu wazima wakifunga choo. Asali iliondoa uchungu tu. Dawa ilikuwa imo vilevile, na mtoto kairamba yote.

"Tumbo chafu hilo," akasema shangazi. "Tumpe mafuta ya mbarika, lisafike."

Mafuta ya mbarika nayo huendesha. Akamimina kijiko kikajaa. Nikautazama mlango, nikakitazama kijiko.

"Shangazi, usimpe. Ni shubiri hiyo. Nilitia asali."

"Ushaanza mizaha yako."

"Leo sina mzaha, shangazi."

Hakuniamini, na sikumlaumu. Juzi yake tu nilimwambia birika lina jini. Mkono wake ulikwishafika mdomoni mwa mtoto. Mama akanitazama usoni kitambo, halafu akakishika kijiko, akakimwaga.

Tukamnywesha maji ya dafu kidogo kidogo, na mama akamrudisha kwenye titi, lililooshwa mara sijui ngapi. Mimi nilikaa mlangoni, nimeng'ata kola ya shati. Baada ya isha mtoto akamkojolea shangazi mapajani, maji yamemrudi mwilini, na sisi tukafurahi kama waliopata sukari bila foleni.

Mama akanigeukia.

"Kafue nepi," akasema. "Na ukimaliza usije ukanichekesha, maana ntacheka, na leo sitaki."