Kidole cha Siku ya Ishirini na Moja

Kazi yetu katika zahanati ile karibu na bwawa la Masinga ilikuwa ya kufuatilia. Mtoto aliyekutwa na malaria alimeza dawa mbele yetu siku tatu, kisha tulimtoboa kidole kila baada ya siku kadhaa hadi siku ya ishirini na nane, tuone kama vimelea vimekwisha kweli. Vimelea huizoea dawa, na watoto ndio wa kwanza kutuonyesha. Mimi nilisoma damu kwa darubini, na wasiokuja niliwafuata kwa bodaboda.

Kulikuwa na msichana wa miaka minne, mbishi kama mimi. Hakukubali nimchagulie kidole.

"Hiki kilishaumia," aliniambia siku ya saba, akanipa kingine.

Siku ya kumi na nne damu yake ilikuwa safi, nami nikafurahi kana kwamba dawa niliitengeneza mwenyewe. Aliondoka ameinua kidole cha mwisho, akisema hicho ni cha siku ile ingine.

Siku ya ishirini na moja hawakuja. Nilifika kwao mchana nikamkuta nyanyake akipura mbaazi.

"Wameenda ng'ambo ya bwawa kwa baba yake, huko anavua samaki," alisema. "Mtoto alikuwa na joto kidogo."

"Tangu lini, susu?" nilimuuliza, nikimwita bibi kwa Kikamba.

"Juzi. Lakini ako sawa, alikula."

Nilisikia. Sitajitetea, nilisikia vizuri kabisa. Lakini mvua ilikuwa imetanda, sijui kuogelea, na mitumbwi ya pale naiogopa. Nikajiambia nitavuka kesho. Kesho yake kulikuwa na watoto wengine wa kupima, na kesho kutwa pia. Ajizi ni nyumba ya njaa, wahenga walisema, na mimi niliwahi kuwatupia wenzangu methali hiyo kazini kwa kejeli.

Kwenye daftari niliandika: hakupatikana. Mtoto wa namna hiyo hutolewa kwenye hesabu. Haandikwi kwamba amepona, wala kwamba dawa imemshinda.

Siku ya ishirini na nane mama yake alikuja bila yeye. Mgongoni alikuwa na mdogo wa yule msichana, na mkononi kadi ya kliniki, ameihifadhi ndani ya pakiti tupu ya unga isilowe.

"Daktari, pole," alisema. "Ile siku hatukuweza kukuja. Tulimzika Jumamosi."

Yaani yeye ndiye aliyeniambia mimi pole. Niliona aibu ambayo mpaka leo sijaipatia pa kuiweka.

Akaketi, akamgeuza mtoto mapajani.

"Nataka tu kujua. Ile dawa ilikataa, ama ilikuwa malaria ingine? Kwa sababu huyu pia ameanza joto."

Damu ya siku ya ishirini na moja ndiyo tungeilinganisha na ya siku ya kwanza, tukajua kama ni vimelea vile vile au vipya. Hatukuwa nayo. Nilimwambia sijui, naye akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu aliyezoea kuambiwa hivyo.

Nilimtoboa mdogo kidole, nikakaa kwenye darubini. Vimelea vilikuwepo. Katika daftari letu hapakuwa na neno lolote baya juu ya dawa ile, basi nikampa hiyo hiyo.