Bolti za Kifuniko cha Juu

Pakiti ilikuwa haijafunguliwa. Mama Boksi aliigeuza huku na huku na kupitisha kidole kwenye gundi iliyoifunga.

"Mzee," alimwambia mtunza stoo, "hizi si bolti za vifuniko vya juu?"

"Ndizo."

"Zile za plastiki."

"Mama Boksi, macho unayo. Si unaziona?"

"Sasa kama zote ziko hapa, yale makabati kumi yaliyotoka wiki iliyopita yamefungwa na nini?"

Mtunza stoo alikuwa anakunywa chai. Aliipuliza, akapiga funda, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono. "Chuma. Injinia alisema wageni wanakuja kukagua, na plastiki inaonekana ya rahisi rahisi, kama toi la mtoto. Tukaweka chuma, tukapaka rangi. Zimependeza kweli kweli."

Mama Boksi aliangalia saa juu ya mlango. Saa mbili na dakika ishirini. Saa nne kamili, kwenye kituo cha umeme upande wa pili wa mji, makabati yale kumi yangepelekewa umeme kwa mara ya kwanza. Mtu atakayesimama mbele yake na kuzungusha mkono wa kuingizia swichi alikuwa binti yake.

Karakana ile ilitengeneza makabati ya swichi za umeme mkubwa, ule unaopita kwenye nguzo ndefu kabla haujapunguzwa nguvu na kuingia majumbani. Ndani ya kabati mna baa za shaba pana kama kiganja. Umeme wa namna ile haungoji uguswe. Ukipata upenyo, unaruka wenyewe. Ndiyo maana baa huvalishwa mpira, zikatengwa kwa kuta za bati, zikafungiwa mlango mzito.

Mama Boksi aliingia pale kama mfagiaji. Kwao waliopelekwa shule ni kaka zake. Yeye alipelekwa jikoni. Alipofagia miaka mitatu bila kuvunja kitu wala kuiba kitu, wakampa kazi ya kuvalisha shaba: unaivuta soksi ya mpira juu ya baa, unaipitishia hewa ya moto mpaka inywee na kubana. Alikuwa na mikono ya kazi hiyo. Herufi hakuzijua, lakini kila kona ya kabati aliijua kama anavyojua kabati lake la vyombo.

Mwaka wake wa tano aliona kitu ambacho hadi leo kikimjia usingizini humwamsha. Fundi mmoja, waliyemwita Twiga kwa urefu wake, alisimama mbele ya kabati la zamani kwenye chumba cha majaribio. Kwanza kulitoka mwanga. Sauti ilikuja baadaye, hilo analikumbuka vizuri. Mlango wa mbele uling'oka, na moto ukatoka nao, ukampata Twiga usoni. Alitoka mle anatembea kwa miguu yake mwenyewe, ila vifungo vya ovaroli vilikuwa vimeyeyuka, na aliokuwa akila nao kila siku hawakumtambua. Aliishi siku kumi na moja.

Wenzake walisema umeme ni adui, wakarudi kazini. Mama Boksi yeye aliganda kwenye swali moja: kwa nini moto ulipita mlangoni? Akajijibu mwenyewe kwamba haukuwa na njia nyingine. Basi akachukua katoni za sabuni, mkasi na uzi, akakaa sakafuni nyumbani kwake Jumapili nne, akaunda kabati la karatasi lenye vyumba vitatu: cha baa, cha swichi, cha nyaya. Kila chumba akakipa dohani yake juu, njia ya kutolea moto, na juu ya dohani kifuniko. Upande mmoja wa kifuniko aliushona kwa uzi mzito. Upande wa pili aliugandisha kwa matone madogo ya mshumaa. Kisha akaingiza pampu ya baiskeli kwa chini na kupiga. Matone yakaachia, kifuniko kikaruka juu, na mlango wa mbele haukutikisika.

Alimpelekea Injinia. Injinia alipiga pampu mara tatu, mara nne, akicheka kama mtoto. "Mama, wewe ni hatari!" alisema. "Niachie nilitazame vizuri."

Alilitazama vizuri kweli. Baada ya miezi minne mchoro ulitoka, na jina chini yake lilikuwa la Injinia. Kwa mchoro ule alipata gari, ofisi ya ghorofani na picha gazetini. Mama Boksi alipata kofia ya kampuni, na jina la utani. Boksi lenyewe alilikuta kwenye pipa la taka, limekanyagwa. Hakuna aliyemwambia hata pole. Tangu siku ile humwamkia Injinia kwa heshima zote, na kila akimwamkia roho humchoma.

Lakini asubuhi ile hakuwa na nafasi ya kuchomwa roho. Alipanda ngazi za ofisini mbili mbili, pakiti mkononi.

"Injinia, wasimamishe kule kituoni. Vifuniko vimefungwa kwa chuma."

Injinia alikuwa anavaa koti. "Bolti ni bolti, mama. Na ya chuma si ndiyo imara zaidi?"

"Ndiyo ubaya wake. Kile kifuniko kinatakiwa kishindwe."

"Kishindwe!" Aliangua kicheko. "Nimesoma miaka mitano nijifunze kutengeneza vitu visishindwe, wewe unaniambia kishindwe."

"Moto ukiwaka ndani lazima kitu kimoja kishindwe. Kisiposhindwa cha juu, utashindwa mlango."

Mama Boksi aliiona nukta ya woga ikipita machoni mwa Injinia, akaijua. Lakini Injinia alifunga kifungo cha koti na nukta ikazimika.

"Mlipuko si jambo la kila siku. Na pale leo nani anazungusha? Si binti yako? Aa, sasa nimekuelewa. Ni uchungu wa mama tu huo. Nenda kanywe maji, upumzike."

Alishuka. Alimpigia binti yake simu mara tatu. Ikaita na kuita. Kule mafundi huacha simu kwenye sanduku kabla ya kuingia chumba cha swichi. Mtunza stoo alimwona anatoka na pakiti kwapani.

"Mama Boksi! Hujasaini!"

"Nitaweka dole gumba nikirudi!"

Njia nzima, nyuma ya pikipiki, hakuuona mji. Aliona vifungo vinayeyuka. Alijaribu kumwondoa Twiga na kumweka mtu mwingine yeyote, hata yeye mwenyewe, lakini kila akifumba macho, kwenye lile ovaroli alikuwa mwanawe, mwenye wiki tatu tu kazini, anayevaa ovaroli lililopigwa pasi.

Getini, askari alimzuia.

"Shikamoo, mama. Leo hakuna wageni, wanawasha."

"Marahaba, baba. Mimi si mgeni, ni fundi wa karakana. Nimeleta bolti." Akaitikisa pakiti. Askari aliiangalia kofia ya kampuni kichwani mwake, akaufungua mlango. Ile kofia ilifaa kwa kitu siku hiyo tu.

Saa nne kasoro dakika kumi na mbili. Mbele ya jengo la swichi mafundi sita walikuwa wamesimama kwenye mlango wa swichi ya kuletea umeme. Pale kituoni, yeyote anayefanya kazi kwenye mtambo huutundikia kufuli lake jekundu. Kufuli likining'inia, umeme hauji, na hakuna anayeruhusiwa kulitoa ila mwenyewe, awe mfagiaji au mkuu wa kituo. Matano yalikuwa yameshatolewa. Lilikuwa limebaki moja, na binti yake alikuwa ameinama, ufunguo mkononi.

"Usilitoe!"

Wote waligeuka. Binti alimwona mama yake anakuja mbio, kandambili mguu mmoja, mwingine peku.

"Haya, mama kaleta chupa ya maziwa!" mmoja wao alisema, na wenzake wakacheka.

"Mama, unafanya nini hapa?" Binti alimjia, akamshika mkono na kusema chini chini. "Unaniaibisha. Nani kafa?"

"Bado. Vifuniko vya juu vimefungwa kwa chuma. Moto ukiwaka utakuja kwako."

"Mama, huo mchoro nimeusoma chuoni. Nimeufanyia mtihani. Hakuna mahali palipoandikwa plastiki."

"Hapakuandikwa kwa sababu aliyechora hakuniuliza kwa nini nilitumia mshumaa. Hizi za plastiki ni mimi humwambia mzee wa stoo aziagize."

Binti alimtazama. Hadithi ya katoni aliisikia utotoni mara nyingi, jikoni, mama akikoroga chungu kwa hasira. Siku zote aliichukua kama hadithi za watu wazima walioumizwa, ambazo kila mwaka huongezwa chumvi kidogo.

Mkuu wa kituo, bwana mfupi aliyefunga miwani yake kwa uzi, alisogea. "Kuna nini? Nina saa nne yangu hapa."

"Bosi, mama yangu anasema kuna kasoro."

"Mama yako ni injinia?"

"Hapana, bosi."

"Amesoma wapi?"

"Hajasoma."

"Basi toa kufuli, tufanye kazi."

Mama Boksi alitazama tu ule mkono wenye ufunguo. Alitamani kuushika, na alijua akiushika ameharibu.

"Sitoi," binti alisema.

"Unasemaje?"

"Mpaka nipande juu nione. Dakika tano, bosi. Nikikosea, niandikie barua ya kuacha kazi."

Mkuu wa kituo alimpigia simu Injinia na kuiweka sauti kubwa ili kila mtu asikie. "Injinia, bolti za vifuniko vya juu ziwe za chuma au plastiki?"

"Yoyote," sauti ilijibu, nyuma yake kelele za gari. "Chuma ni imara zaidi."

"Na kifuniko chenyewe kazi yake nini?"

"Ni... kifuniko. Cha kuzuia vumbi. Na hewa, hewa pia."

"Hewa ya kuingia au kutoka?"

Honi ikalia. "Nitakupigia, niko njiani." Simu ikakatika.

Mkuu wa kituo alibaki ameishika simu kama mtu aliyepewa chenji pungufu. Kisha akamgeukia Mama Boksi, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Haya, mama. Wewe niambie. Cha nini?"

Akamwambia. Maneno yalimtoka yote kwa mkupuo: njia ya moto, uzi upande mmoja, mshumaa upande wa pili, pampu ya baiskeli, na Twiga. Alipofika kwa Twiga hakuna aliyecheka tena. Yule wa chupa ya maziwa alikwenda mwenyewe kuleta ngazi.

Juu ya kila kabati palikuwa na bolti sita za chuma, zimekazwa na kupakwa rangi hadi kwenye nati. Binti aliijaribu ya kwanza kwa spana. Ikamshinda, akairefusha spana kwa bomba, ndipo bolti ikalia na kuachia. Alishuka nayo mkononi, uso umemwisha damu. "Hii isingefunguka," alisema. "Hata kwa bomu."

Iliwachukua saa moja na nusu. Mama Boksi alikaza zote sitini kwa vidole, kisha robo duru kwa spana, si zaidi, na alimchapa mkono yule wa ngazi alipotaka kuongeza. "Taratibu! Umeambiwa unafunga gurudumu la lori?"

Saa tano na nusu binti alitoa kufuli lake.

Alivaa koti zito, glovu ndefu na kofia yenye kioo cha kufunika uso. Mama Boksi alirudishwa nyuma ya mstari wa njano uani. Kupitia dirisha aliiona kofia ile ikielekea kabati la kwanza, ikasimama. Mkono wa kuzungushia uliingia tundu lake. Akatamani kuziba masikio, lakini akakumbuka kwamba mwanga huja kwanza, akaziba macho. Akayafumbua tena. Bolti alizikaza mwenyewe, kila moja. Je, kama na yeye amekosea? Je, kama ile hesabu ya katoni haiufai moto wa kweli? Hakuna aliyewahi kuijaribu zaidi ya pampu ya baiskeli.

Ta!

Halafu mvumo, mzito, sawasawa, kama nyuki wengi mbali. Kofia ilisogea kabati la pili. Ta! La tatu. Hadi la kumi Mama Boksi hakukumbuka kuvuta pumzi.

Hakuna lililolipuka. Mkuu wa kituo alitoka anatabasamu. "Umeona, mama? Pengine hata zile za chuma zisingeleta neno." Alifungua daftari na kuandika. Binti alimsomea mama yake baadaye: marekebisho madogo yamefanywa na karakana. Injinia naye alipiga simu kusema ataurekebisha mchoro yeye binafsi, leo leo. Mama Boksi aliisikia sauti ile ikijieleza kuhusu plastiki kwa ufundi mkubwa, ikasema hata kwamba kifuniko kinatakiwa kishindwe. Ilimuuma. Ila hakuwa na nguvu ya kuugua huo ugonjwa siku hiyo.

Alikuwa amekaa juu ya gurudumu kubwa la nyaya, mikono mapajani. Binti alimjia, nywele zimelowa jasho, koti amelitupa begani.

"Kesho unazungusha tena?" Mama Boksi aliuliza.

"Kesho, na keshokutwa. Ndiyo kazi yenyewe, Mama."

"Na hivyo vifuniko, kila mwezi upande uvikague. Fundi mwingine akija na chuma chake, akikuambia imara..."

"Nitamvunja mkono."

"Mvunje."

"Inuka basi, nikutafutie kiatu."

"Tangulia. Miguu bado iko getini."

Binti aligeuka kuona kama wenzake wanawatazama. Walikuwa wanatazama. Akakaa hivyo hivyo kando yake, bega kwa bega, na Mama Boksi akahisi kwamba yule mtoto naye alikuwa anatetemeka.