Kisanduku cha Herufi Mia Tano

Mtaani wananiita Bwana Kitufe, na jina hilo nililipenda kupita kiasi. Nina meza, kompyuta na printa kwenye baraza ya duka la viatu. Kazi yangu ni kuwajazia watu fomu za mtandaoni.

Tovuti ya uhamisho wa watumishi ina kisanduku cha maelezo kinachopokea herufi mia tano tu. Mimi nilipata ujanja. Kwenye alamisho za kivinjari, pale panapohifadhiwa kurasa za kurudia, nilihifadhi mstari wa maagizo ya kompyuta. Nikiubonyeza, kisanduku kinaacha kuhesabu, unaandika mpaka uchoke. Wachapaji wenzangu waliwafupishia watu maneno. Niliwacheka.

Shangazi yangu ni muuguzi, kituo chake ni mwendo wa siku nzima kutoka nyumbani. Bibi, mama yake mzazi, yuko kwetu, hajiwezi kitandani, na mchana nikiwa kazini anageuzwa na majirani. Maombi ya uhamisho hupokelewa mara moja kwa mwaka, kwa hiyo shangazi alichukua ruhusa akaja.

"Niandikie kwa adabu, mwanangu. Tusianze na shida kama watu wasiofunzwa."

Tukaanza na salamu, pole ya majukumu, miaka yake kumi na tisa kazini, shukrani. Ombi lenyewe, ahamishiwe karibu na mama yake, tukaliweka mwisho.

"Yote hayo yataingia?"

"Shangazi, unaongea na Bwana Kitufe!"

Ukurasa ukajibu kwamba maelezo yamepokelewa. Jioni ile ile nikamwambia bibi mambo yameiva.

Jana shangazi alinipigia simu, akanisomea jibu polepole. "Asante kwa salamu. Maelezo yako yameishia kwenye shukrani. Hatukuona ombi. Karibu mwakani."

Nikafungua nakala, nikahesabu. Herufi ya mia tano ilikuwa hapo hapo kwenye shukrani. Nilikidanganya kisanduku cha kwenye kioo cha kompyuta yangu tu. Kule kwa wanaopokea maombi, yaliyozidi yalikatwa kama kawaida. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikawakumbuka wateja waliorudi kuuliza mbona kimya, nami nikawajibu kwa tabasamu kwamba subira huvuta heri.

Shangazi hakunigombeza. Afadhali angenitukana.

"Mwambie mama wewe," alisema. "Mimi sitaweza."

Tangu nimpe bibi ile habari, kila akigeuzwa huwaomba majirani wamsogeze ukutani, amwachie binti yake nafasi ya kulala. Nilipoingia chumbani nilimkuta amebanana na ukuta, na nusu ya kitanda imetandikwa shuka safi.