Esansi Imeisha

Siku Bonfils alipoliingiza gari lake jipya Ngagara, Quartier 3, watoto walilikimbilia na watu wazima wakajifanya hawalioni. Lilikuwa jeep ndogo nyeupe pepepe, jina lake Savika, na ndani mlikuwa bado na harufu ya plastiki ya dukani. Mtaani kwao watu hununua Toyota zilizokwisha kuzunguka dunia, zikafika Bujumbura zimezeeka lakini moyo wao bado mzima. Bonfils yeye alinunua gari ambalo makalio ya mtu mwingine hayajawahi kulikalia. Alikuwa karani tu wa wizara kule Rohero, mtu mpole, mwenye kunyoosha suruali yake kwa pasi hata Jumapili, na kwa mara ya kwanza maishani alijiona mkubwa. Tusimcheke. Nani hajawahi kutamani kuonekana?

Sasa, gari jipya mjini kwetu haliishii dukani. Lazima linyweshwe. Ijumaa ile Bonfils aliwaketisha wenzake wa ofisini kwenye baa ya jirani, brosheti za nyama zikaja na ndizi za kuchoma, na kila mtu akanyanyua chupa yake kulibariki gari. Hata Sylvère, mwenzake wa meza ya pili, aliyemshauri tangu mwanzo anunue Toyota kuukuu kama binadamu wengine, alikunywa akakiri mbele za watu kwamba ameshindwa. Na gari likishanyweshwa hivyo, limekuwa mke wa ndoa. Huwezi kuwarudia waliokula harusi ukawaambia kwamba bibi anakoroma.

Savika lilianza kukoroma kabla ya msimu wa mvua kwisha. Likipata moto, kwenye mlima au kwenye msongamano, taa ndogo ya njano inawaka, halafu gari linazimika kimya, kama mtu aliyeudhika akaamua kutosema. Unakaa humo. Likishapoa linawaka tena bila kueleza lilikasirishwa na nini. Waliomuuzia walimwambia kuna kifaa kimeagizwa, kinakuja kwa meli, na kila alipokwenda kuuliza meli ilikuwa bado baharini.

Mara ya kwanza kusimama barabarani lilisimama karibu na ofisi, na mpita njia wa kwanza, kwa bahati yake mbaya, akawa Sylvère.

"Papa Lisette, kuna nini?" Sylvère alimwita kwa jina la binti yake, kama anavyoitwa mtu mwenye heshima zake.

Bonfils alifungua kinywa aseme kweli. Kinywa kikasema kingine.

"Esansi imeisha."

Na nani angemkatalia? Mwaka ule mji mzima ulikuwa unalia petroli. Magari yalilala foleni kwenye vituo vya mafuta hadi madereva wakafahamiana kwa majina ya watoto. Watu wenye vyeo walikwenda kazini kwa miguu. Mwenye gari lililosimama njiani hakuchekwa, alipewa pole, na Sylvère alimpa pole kwa moyo wote, akavua koti, akamsaidia kusukuma hadi kivulini. Bonfils alimshukuru huku masikio yanamwaka moto.

Basi ikawa hivyo. Likizimika, esansi imeisha. Uongo mwingi unadai ujanja na kumbukumbu, lakini huu ulikuwa umeshatandikiwa kitanda na mji mzima, kazi yake ilikuwa kulala tu. Ubaya ni kwamba watu wetu hawajui kutoa pole tupu. Mwalimu mmoja mstaafu, jirani yake, alimletea chupa ya maji imejaa petroli aliyokuwa akiitunza kwa jenereta yake. Bonfils alikataa, mzee akasisitiza, na mtu aliyeishiwa esansi atakataa esansi kwa hoja gani? Akaipokea kwa mikono miwili. Alipoimimina alikuwa anatazama ukutani, kwa sababu hakuweza kumtazama mzee.

Siku nyingine alimkuta mtu kando ya barabara ya Rohero na Savika kama lake, boneti juu, kola imelowa jasho. Bonfils alisimama. Walisalimiana, wakalizunguka gari lile pamoja, wakasifu viti vyake.

"Ya kwako iko muzima?" mtu yule akauliza.

"Muzima kabisa. Na hii?"

"Apana shida. Ni esansi tu."

Walitazamana kidogo zaidi ya inavyopasa. Bonfils akampa pole, akaingia kwenye gari lake, akaondoka. Wangeweza kuambizana ukweli pale pale na kila mmoja angekwenda nyumbani mwepesi, lakini aibu haina mwenza.

Nyumbani kulikuwa na mtu mmoja aliyejua. Mkewe, Adélaïde, alikuwa ndani ya gari siku walipokwenda kwenye msiba Muramvya, na Savika likawafia katikati ya mlima wa Bugarama, ukungu umeshuka, kona mbele na kona nyuma, malori yakiwapita karibu na kuwapigia honi. Adélaïde alishuka na viatu vyake vya msibani, akavunja matawi, akayalaza barabarani nyuma ya gari ili madereva wanaopanda wajue kuna aliyekwama. Alisimama pale mvuani anapunga kitambaa chake cha kichwa mpaka gari lilipopoa. Tangu siku hiyo hakulipanda tena. Aliwaambia watu kwamba kutembea kunamfaa kwa presha.

Hapo ndipo akaja Hamimu.

Hamimu na Bonfils walikua pamoja, mmoja wa msikitini na mmoja wa kanisani, wakagawana mpira wa matambara na baadaye wakagawana harusi na misiba. Hamimu alikuwa na duka la rangi na misumari Nyakabiga, na chakula cha nyumba yake kilitoka mlimani: alipakia ndoo za rangi kwenye Toyota yake kuukuu, akapanda Bugarama hadi Muramvya kuwauzia wenye maduka ya huko. Siku hiyo alilizunguka Savika, akalipiga ubavuni kwa kiganja, akaja kuketi barazani.

"Papa Lisette, mi sijui kusoma mambo ya intaneti. Najua kusoma wewe. Toyota yangu imechoka, nataka kununua kama hii. Niambie kweli, iko muzima?"

"Iko muzima, Papa Rachid."

"Mulima inapanda? Na mizigo nyuma?"

Bonfils aliliona lile tawi la mkewe limelala kwenye lami, likikanyagwa na gurudumu la lori. Aliliona wazi kabisa. Halafu akamwona Sylvère anacheka ofisini, na chupa zote za ile Ijumaa.

"Inapanda tu. Haijanilaza njiani hata siku moya."

"Basi. We ukisema, mi nimetosheka," Hamimu akasema, akamaliza chai yake.

Alipoondoka, Adélaïde alitoka mlangoni, mikono ina unga.

"Huyo atapanda Bugarama na hiyo gari."

"Kesho nitamuambia."

Kesho ikaja, akawa na kazi nyingi. Kesho yake akafika hadi kona ya Nyakabiga, akageuza. Alijiambia kwamba pengine lake tu ndilo lenye kisirani, la Hamimu litatoka zima. Alijiambia kwamba Hamimu naye ni mfanyabiashara, atazunguka kwanza, ataulizia kwingine, hatanunua kwa neno la mtu mmoja. Hilo la mwisho alijua si kweli, kwa sababu alimjua Hamimu. Adélaïde hakumkumbusha tena. Alimwekea chakula, akarudi jikoni, na hilo lilimsumbua kuliko matusi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na Bonfils aliijua methali hiyo vizuri, aliwahi hata kumfafanulia binti yake.

Wizara ilipowagawia wafanyakazi hati za mafuta, Bonfils alijaza tanki mpaka shingoni. Siku iliyofuata, jua kali la alasiri, akawa anarudi nyumbani kupitia Nyakabiga. Barabara ilikuwa imebanana, magari yakisogea moja moja, pikipiki zikijipenyeza. Taa ya njano ikawaka. Alilisihi gari kwa jina. Likazimika mbele ya duka la Hamimu, si nyumba moja kabla wala moja baada.

Hamimu alitoka akijifuta rangi mikononi.

"Nini tena, Papa Lisette?"

Hapa, msomaji, mlango ulikuwa wazi. Rafiki yuko mbele yake, jambo lenyewe limesimama barabarani, kilichobaki ni kusema. Lakini ulimi ulishazoea njia yake.

"Esansi imeisha."

"Ngoja hapo."

Aliingia ndani, akatoka na bidoni la manjano, dumu la esansi. Nyuma yake alikuja mkewe, Waridi, ushungi umemteleza kichwani kwa haraka.

"Papa Rachid, hiyo ulisema isiguswe na mutu."

"Sasa ndugu yangu alale mu njia mbele ya duka yangu?"

"Apana, Papa Rachid, weka," Bonfils akasema, ameshashuka. "Weka, tafadhali. Nitapata kwingine. Mi nitasukuma."

"Muone adabu ya huyu mutu," Hamimu akawaambia waliokuwa wanapita, na kweli wengi walikuwa wanapita, maana mabasi hayakuwapo: wanawake na mabeseni yao, wanafunzi, watu wa ofisini wenye vumbi hadi magotini. Baadhi walisimama kutazama bidoni tu. Bonfils alimshika Hamimu mkono, Hamimu akautoa mkono ule kwa upole, kama unavyomtoa mtu anayeng'ang'ania kulipa bili. Akafungua kifuniko cha tanki, akachomeka shingo ya chupa iliyokatwa, akainamisha.

Funda la kwanza liliingia. La pili likarudi. Petroli ilifurika, ikateremka kwenye ubavu mweupe wa gari, ikapita juu ya gurudumu, ikaanza kunywewa na vumbi la Nyakabiga. Harufu ikapanda. Watu wale walikuwa wametembea wiki nzima kwa kukosa kitu hicho, na sasa kilikuwa kinamwagika miguuni mwao.

Hamimu aliinua bidoni taratibu. Alichungulia tankini, akatia kidole, akakitoa kimelowa.

"Imejaa," akasema. Hakuwa amekasirika bado, alikuwa anajaribu kuelewa.

Bonfils aliona haya ambayo hajawahi kuyaona tangu azaliwe. Alitamani ardhi ipasuke immeze na gari lake. Macho yote yale, ya watu asiowajua, yalimpitia kuanzia kola hadi viatu. Mwanamke mmoja alitikisa kichwa na kuendelea na safari yake.

"Hiyo esansi," Waridi akasema polepole, "tulitoa mu Toyota juzi, mbele ya kuiuza. Tulisema itakuwa ya kuanzia ile mupya. Jumamosi tunaenda kuichukua."

"Mumeshalipa?" Bonfils akauliza.

"Yote," akasema Waridi.

Ndipo Bonfils akasema. Aliyasema yote pale pale barabarani, sauti ikimkauka, honi zikilia nyuma yao: kwamba si esansi, haijawahi kuwa esansi, ni gari, likipata moto linazimika, kifaa chake hakiji. Alisema habari ya mlima, ukungu, malori, na Adélaïde akipunga kitambaa mvuani. Hakujitetea. Hakuwa na la kujitetea nalo.

Hamimu alisikiliza mpaka mwisho, bidoni mkononi.

"Siku nilikuja kwako," akauliza, "hiyo ya Bugarama ilikuwa imeshatokea?"

Bonfils angeweza kudanganya hata hapo. Waridi alikuwa anamtazama.

"Ilikuwa imeshatokea."

Hamimu aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayehesabu kitu moyoni na kukirudia. Rangi ya buluu ilikuwa imemkaukia kwenye vidole. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mi nilikuuliza mulima," akasema. "Nilikuuliza mulima, Bonfils."

Tangu Lisette azaliwe, Hamimu hakuwa amemwita rafiki yake kwa jina hilo tupu. Lilimwingia Bonfils kifuani likakaa, na alijua kwamba kuanzia leo ndilo atakaloitwa.

Nyuma honi zilizidi, watu wanataka kupita. Hamimu alimkabidhi Waridi bidoni. Alipita nyuma ya Savika, akaweka mikono kwenye mlango wa nyuma, na wanaume wawili watatu wakamfuata bila kuitwa.

"Toa breki," akasema.

Bonfils alitaka kwenda kusukuma naye, bega kwa bega. Lakini gari lilihitaji mtu wa kushika usukani, na mwenye gari alikuwa yeye. Akaingia, akaketi kwenye kiti chake kizuri, akafunga mlango. Kwenye kioo aliona kofia ya Hamimu imeinama, ikisukuma.